Bomba Ukutani

Hoja yenyewe ni hii. Bomba la daladala, lile la chuma linalopita juu ya vichwa vya abiria waliosimama, likikatwa garini na kutundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho, watu walioning'inia hapo miaka yote wamekuja nalo ukumbini au wamebaki kituoni?

Wasanii wa kuchanganya vitu, wale wasioridhika na rangi peke yake na wanaogandisha bati juu ya turubai, tiketi juu ya picha, kitambaa juu ya chuma, wana ugonjwa wa vituo vya usafiri tangu zamani. Hawalaumiki. Hakuna mahali pengine mjini ambapo watu wasiojuana hukaa goti kwa goti, wakapumuliana shingoni, kisha wakaachana bila kuagana. Shida ni kwamba mtu ndiye wa kwanza kuondoka kituoni. Msanii hufika baadaye, kuokota kilichobaki.

Mjadala unaofuata nimeupanga mwenyewe. Wanaozungumza hawana majina kwa sababu si watu fulani. Msanii ni binti wa Dar es Salaam anayetengeneza kazi zake kutokana na magari yaliyokufa. Konda amestaafu, alifanya ruti ya Mbagala na Kariakoo enzi za mabasi ya DCM. Mwalimu alifundisha uchoraji sekondari mpaka alipofikia umri wa kupumzika. Mama anauza samaki, na atakuja akichelewa. Kazi wanayoibishania nayo nimeibuni, ila vifaa vyake utavikuta kwenye gereji yoyote ya bodi: ubao wa futi nane kwa nne, bati la ubavu wa gari lenye mstari wa rangi ya ruti, ngozi ya bandia ya siti iliyochanika ikashonwa upya kwa uzi wa viatu, vipande vya tiketi, mpira wa fremu ya dirisha, stika ya kioo cha nyuma iliyobanduka nusu, na juu kabisa bomba. Hakuna mtu aliyechorwa.

KONDA: Binti yangu, kazi nimeiona, ni nzuri, sikatai. Lakini niambie, bomba bila gari kuyumba ni bomba la nini? Suka akikanyaga breki ghafla, gari zima linamiminika mbele. Hapo ndipo unaijua kazi ya bomba. Hapa watu wamesimama wima, wameshika glasi za juisi, sakafu haitikisiki. Hakuna anayelihitaji.

MSANII: Ndiyo maana nimelileta hapa, Mzee wangu. Kule garini linahitajika mno, hata hakuna anayelitazama. Litazame sasa. Huku nyuma rangi ya kijivu bado ipo, nzima. Huku mbele, usawa wa mlango, rangi imekwisha kabisa, chuma kinang'aa. Hiyo ni mikono. Watu hawakukusudia kuchora kitu, lakini wameniachia ramani: kila aliyepanda alitaka kusimama karibu na mlango ili awahi kushuka.

KONDA: Hapana. Waligoma kusogea. Nimepiga kelele "sogea nyuma, nyuma kweupe" mpaka sauti ikanikauka, na mtu anakuangalia tu. Hiyo unayoiita ramani ni ukaidi.

Mapema hivi Konda ameshajipatia pointi. Msanii anazisoma alama. Konda alikuwepo zilipokuwa zinatiwa. Tofauti hiyo itawasumbua mpaka mwisho, na sidhani kama inaweza kufutwa kwa kumwita Konda "mdau" na kumpa kiti cha mbele siku ya ufunguzi.

MWALIMU: Ubishi wenu si mgeni. Mwaka 1962 George Segal, Mmarekani aliyekuwa na shamba la kuku huko New Jersey, alitengeneza sanamu ya dereva wa basi. Leo iko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York, lile linalojulikana kwa kifupi chake, MoMA. Usukani ni wa basi la kweli. Kiti ni cha kweli, reli ni ya kweli, hata kisanduku cha kutumbukizia nauli ni cha kweli. Dereva peke yake ndiye plasta nyeupe. Lakini plasta hiyo haikuchongwa. Ilifungwa juu ya mwili wa mtu aliye hai, kwa bendeji zilezile ambazo hospitali hufungia mfupa uliovunjika, ikaachwa ikauke, ikakatwa vipande, ikaunganishwa tena. Ndani hamna mtu, ila kila mkunjo umetoka kwake. Ukimchora dereva na basi ukalichora, vyote viwili ni picha. Ukiliacha basi libaki basi, hapo mtu anaanza kukosekana, na kukosekana kwake unakuona.

KONDA: Mwalimu, rudia hapo kwenye kisanduku.

MWALIMU: Cha nauli? Kipo kando ya dereva. Abiria anatumbukiza sarafu mwenyewe.

KONDA: Basi aliyekosekana si dereva. Dereva mmemfunga plasta, yupo, anaonekana mchana kweupe. Aliyekosekana ni konda. Kazi yake mmeitia ndani ya kisanduku.

Wahakiki wanapoitazama kazi ile huanza na weupe wa plasta, upweke wa mtu wa mjini, mambo ya namna hiyo. Ilihitajika miaka kadhaa ya kupanga noti katikati ya vidole ili mtu aanze na kisanduku cha sarafu. Na Konda hasemi kwa wivu wa New York tu. Tangu Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kwenye Barabara ya Morogoro, abiria wa mabasi hayo naye hulipa nauli kabla hajapanda, na ndani ya basi hakuna anayemwambia sogea. Mji umepata usafiri wa haraka zaidi. Sauti moja imepungua. Kazi ya sanaa inayotaka kuonyesha uwepo wa watu kituoni lazima ijiulize ni nani aliyekuwepo jana ambaye leo nafasi yake imekaliwa na geti.

MSANII: Ila wewe hujakosekana kwenye kazi yangu, Mzee. Njoo uangalie bati, hapa nyuma ya mlango.

Bati lina bonde dogo, la ukubwa wa kiganja, rangi imepasuka kwa nyufa nyembamba kuzunguka pembe zake. Konda anaweka mkono. Gonga moja, simama. Gonga mbili, twende. Gonga mfululizo, kuna mtu amebanwa na mlango.

KONDA: Huyu alikuwa anatumia kushoto.

MSANII: Umejuaje?

KONDA: Mlango uko upande wa kushoto wa gari. Ukisimama mlangoni umeangalia nje, mkono wa kulia unaelekea kwa suka, wa kushoto unaelekea nyuma. Mimi bonde langu lilikuwa mbele ya mlango. Hili liko nyuma. Huyu namjua aina yake, hela anashika kwa kulia.

MWALIMU: Mnaona? Mnafurahi kama watu waliokutana na ndugu. Lakini bonde halina macho. Mimi ningeweka nyuso. Kati ya 1938 na 1941 Walker Evans alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi za New York na kamera ya Contax ameificha ndani ya koti. Lenzi ilichungulia kati ya vifungo, waya wa kufyatulia ulipita ndani ya mkono wa koti mpaka kiganjani. Sehemu za kamera zenye kung'aa alizipaka rangi nyeusi. Mara nyingine alifuatana na mpigapicha mwenzake, Helen Levitt, ili asionekane mtu wa ajabu. Waliokaa mbele yake hawakujua kitu. Ndiyo maana nyuso zile hazina mfano: mtu akijua anapigwa picha huvaa uso wa picha, na wale walikuwa bado hawajauvaa.

MAMA: Samahanini, naingilia. Mlango ulikuwa wazi.

MSANII: Shikamoo, mama. Karibu ndani.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Huyo bwana wa koti, alimwomba nani ruhusa?

MWALIMU: Hakumwomba mtu, mama. Lakini hakukimbilia kuzitoa. Kitabu chake kilitoka 1966, robo karne baadaye. Alitaka muda upite kwanza, watu wale wawe wamebadilika.

MAMA: Mimi naamka saa tisa usiku niwahi mnada wa Feri. Saa tatu asubuhi nikiwa kwenye gari nasinzia mdomo wazi, na huo ndio usingizi wangu wa siku. Sasa miaka ishirini na tano ikipita, mwanangu hatajua kwamba ule ni mdomo wa mama yake?

MWALIMU: Lakini bila yeye tungejua nini juu ya abiria wa mwaka 1938?

MAMA: Mngejua walipanda treni.

Mwalimu ana jibu, na jibu lake si dogo. Picha za Evans ni miongoni mwa vitu vichache vinavyotuonyesha watu wa mji mkubwa wakiwa hawamfanyii mtu yeyote maonyesho. Kuzitupa kwa sababu ya namna zilivyopatikana ni kuwapoteza watu hao mara ya pili. Lakini Mama hajaomba zitupwe. Ameuliza swali la mtu aliyeko upande wa pili wa kitufe, na historia ya sanaa ya usafiri imeandikwa karibu yote na walioko upande wa koti. Siku hizi koti halihitajiki. Kila mtu ana simu, na abiria aliyelala amekuwa kichekesho cha kusambazwa kabla hajafika kituo chake. Nikilazimika kuchagua kati yao, namchagua Mama, huku nikiendelea kukifungua kile kitabu.

MSANII: Mama, umesema neno langu. Ndiyo maana sikuchora uso hata mmoja. Nimechukua bomba, nimechukua siti, nimechukua bati. Wote wamo, na hakuna aliyevuliwa nguo.

MAMA: Wote?

MSANII: Wote waliopanda.

MAMA: Mimi niko wapi humo?

MSANII: Kwenye bomba, mama. Kati ya mikono hii yote, mmoja wako.

MAMA: Mwanangu, mimi bomba silifikii. Na hata ningekuwa mrefu, mkono mmoja uko kwenye ndoo, mwingine umebana nauli. Kwenye siti simo vilevile, maana mwenye ndoo ya samaki hapewi siti, anaambiwa akae nyuma kabisa asimchafue mtu. Kama gari lenyewe limekubali kumchukua. Huyu kaka hapa anajua.

KONDA: Mama, ilikuwa ni abiria wanalalamika. Mimi ningekataa hela kwa nini?

MAMA: Sikulaumu. Nasema tu simo. Tiketi sikupewa, na sikuidai. Dirishani sijawahi kuingilia, hayo ni mambo ya vijana. Nitafute chini. Sakafu ya nyuma pale kulia, ukivua zulia la mpira, bati limeliwa na maji ya chumvi, na kuna mduara wa kitako cha ndoo. Huo ndio mkono wangu.

MSANII: Sakafu sikuichukua.

MAMA: Iko wapi?

MSANII: Iliondoka na watu wa skrepa. Ilikuwa imeoza, nikaona haina kitu.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mijadala ya sanaa ya namna hii hupapita mbio. Tunazoea kusema kwamba kazi ya kuchanganya vitu ina ukweli kuliko mchoro, kwa kuwa haiigizi: bati ni bati lenyewe, tiketi ni tiketi yenyewe. Ni kweli, lakini ukweli huo una mlango wake, na si kila mtu anapita. Kila kifaa kina abiria wake. Bomba ni la watu wazima warefu waliokosa siti. Ngozi ya siti ni ya waliopandia mwanzo wa ruti au waliogombea wakashinda; mwanafunzi mwenye nauli pungufu hayumo, maana yeye husimama hata siti ikiwa wazi. Tiketi ni ya aliyeidai. Mpira wa dirisha ulioshindiliwa ukapoteza umbo ni wa kijana aliyetanguliza kichwa ndani saa kumi na mbili jioni pale Kariakoo. Msanii anapoingia gereji na msumeno, anafikiri anachagua rangi na mikwaruzo. Anachagua watu. Na kilichooza zaidi, kile ambacho jicho lake lililofundishwa uzuri linakiruka, mara nyingi ndicho kilichobeba mzigo wa wasio na pa kukaa.

Sisemi kwamba kila kazi lazima iwe na kila mtu. Hiyo ni kazi ya sensa. Nasema neno "wote" lisitamkwe ovyo mbele ya ubao wa futi nane kwa nne.

MWALIMU: Tukubaliane basi kwamba alama nazo zina upendeleo. Lakini hizi zilizopo tuzitunze. Mimi ningeweka kamba hapa na kibao cha "usiguse". Mkono wa mtu una chumvi na mafuta. Watu mia wakilishika hili bomba kwa udadisi, ule mng'ao wa abiria utafunikwa na mng'ao wa wageni wa ukumbi, na hapo tutakuwa na kitu cha uongo.

KONDA: Mkikataza kushika, limekufa siku mlipolitundika.

MSANII: Mimi nimetundika kwa urefu uleule wa garini, Mwalimu. Nimekaa pale pembeni nikiwaangalia wanaoingia. Wengi wanainua mkono bila kufikiri, wanashika, halafu wanashtuka na kuangalia kama kuna mlinzi. Ule mshtuko ndio kazi yangu. Mkono umekumbuka kabla ya mwenyewe.

MWALIMU: Nitasema jambo linaloniumiza mwenyewe, ila ni la haki. Moscow kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi kiitwacho Ploshchad Revolyutsii, kilifunguliwa 1938. Mchongaji Matvei Manizer aliweka humo sanamu 76 za shaba: askari, wakulima, wanafunzi, mlinzi wa mpaka na mbwa wake. Zilikusudiwa kuwafundisha abiria juu ya mapinduzi. Abiria wakachagua lao. Wanapopita humshika mbwa pua, kwa ajili ya bahati, mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani, mtu anayekwenda kuomba kazi. Mwili mzima wa mbwa ni wa giza, pua inang'aa dhahabu. Manizer aliwaza mapinduzi, na watu wakamjibu kwa pua ya mbwa.

KONDA: Na hakuna aliyeweka kamba.

MWALIMU: Treni zinapita kila dakika chache. Kamba ingewekwa wapi?

MAMA: Humo wamo walioyachimba hayo mashimo?

MWALIMU: Moscow, sina hakika kama ungewaona kwa namna unayotaka. Stockholm ungewaona. Kwenye T-Centralen, kituo kikuu, jukwaa la njia ya buluu, Per Olof Ultvedt alichora mwaka 1975 vivuli vya wafanyakazi waliokijenga kituo chenyewe, rangi ya buluu juu ya mwamba mweupe. Mchomeleaji, seremala, watu wa kofia ngumu. Hawana nyuso, ni umbo tu, lakini wako juu ya vichwa vya watu walewale wanaopita kwenye kazi yao.

MAMA: Hiyo naielewa.

Huu ungekuwa ushauri mzuri kwa wanaojenga stesheni mpya huku kwetu. Reli ya kisasa ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na stesheni zake ni kubwa, safi, zenye kuta nyingi tupu. Ukuta mtupu haukai hivyo muda mrefu. Usipopewa msanii utapewa tangazo la soda. Nani aonekane juu yake ni swali la kuulizwa mapema, kabla gundi ya tangazo haijakauka.

KONDA: Mimi bado sijaelewa kwa nini mlisubiri gari life. Wakenya hawakusubiri. Matatu ya Nairobi imechorwa ikiwa hai, ina taa, ina muziki, ina majina ya wanamuziki na wachezaji, na abiria yumo ndani anakwenda kazini. Mbona hiyo hamuiweki kwenye hesabu?

MSANII: Naiweka. Hiyo ndiyo kazi ya kuchanganya vitu iliyokamilika kuliko zote ninazozijua: chuma, rangi, sauti, mwanga na watu. Lakini ina maisha mafupi, Mzee. Mtindo ukibadilika, gari linapakwa upya ili lisikose abiria. Na serikali nayo ina brashi yake. Sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, pamoja na mikanda ya siti na vidhibiti mwendo ulikuja mstari wa njano ubavuni, na michoro mingi ikafutika. Baadaye, wakati wa urais wa Uhuru Kenyatta, kamba ikalegezwa, michoro ikarudi. Ile ya kabla ya 2004 iko wapi? Imo kwenye kumbukumbu za watu na kwenye picha chache. Ndiyo maana napenda anachofanya Dennis Muraguri wa Nairobi. Anachonga matatu kwenye ubao, anapaka wino, anachapa kwenye karatasi kubwa, makanga, yaani makonda, wakiwa wamening'inia mlangoni. Na huyo huyo huunda sanamu kutokana na vyuma na mabaki. Gari litapakwa rangi nyingine, karatasi itabaki.

KONDA: Karatasi itabaki kwa nani? Kwa aliyeinunua.

MWALIMU: Kampala walijaribu njia ya katikati. Kwenye tamasha la KLA ART la mwaka 2014, wasanii walizigeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zinazotembea. Hukwenda kuiona kazi. Ilikupita barabarani, pengine ukiwa umeudhika kwenye foleni.

MSANII: Hiyo ni nzuri, Mwalimu, lakini inanipa hofu moja. Keith Haring alianza 1980 kuchora kwa chaki kwenye mabango meusi yaliyokuwa wazi katika stesheni za New York. Yalikuwa ya kila mpita njia. Jina lake lilipokua, watu wakaanza kuyakata na kwenda kuyauza, na kufikia 1985 akaacha. Kitu cha kituoni kikishapata bei, kituo hakiwezi tena kukishika.

KONDA: Umeitaja bei mwenyewe. Hii yako ni shilingi ngapi?

Msanii anataja. Sitaiandika, kwa sababu bei ya kubuni haina maana, lakini nitasema kwamba Konda anaigeuza papo hapo kuwa hesabu za tajiri, zile pesa ambazo gari lilitakiwa kuleta kila jioni, na anapata siku nyingi.

KONDA: Na yule wa kushoto, mwenye bonde, anapata nini?

MSANII: Simjui, Mzee. Gari nimelikuta limekufa. Nimemlipa mwenye gereji.

KONDA: Mwenye gereji hakugonga bati.

Hoja hii haina majibu ya haraka, na wanaoijibu haraka huwa wanauza kitu. Jacques Villeglé wa Ufaransa aliikabili kwa ujanja wake. Kuanzia 1949, yeye na rafiki yake Raymond Hains walikuwa wakibandua matabaka ya matangazo yaliyochanwachanwa kwenye kuta za Paris na kuyaweka kwenye fremu yakiwa hivyohivyo. Villeglé hakudai kwamba ameyachana. Alisema mtunzi wa kweli ni mchanaji asiyejulikana, kila aliyepita akavuta kipande. Majina ya kazi zake mara nyingi yalikuwa jina la mtaa na tarehe ya kubandua, basi. Ni heshima ya kweli, naikubali. Ila mchanaji asiyejulikana hakupata mgao, na sahihi iliyoko chini ni ya Villeglé.

MWALIMU: Hata hivyo, anza hapo, mwanangu. Hii umeiita nini?

MSANII: "Safari".

MWALIMU: Futa. Kila mtu ana "Safari". Andika ruti na mwaka gari lilipotolewa barabarani.

KONDA: Mbagala, Kariakoo. Na uandike kuna konda wa kushoto. Kwenye kile kikaratasi cha vifaa, baada ya bati na chuma, andika mkono wa konda.

MWALIMU: Mkono si kifaa.

KONDA: Bonde lilikuja lenyewe?

MSANII: Nitaandika. Mgao siwezi kuahidi, Mzee, kwa sababu simjui wa kumpa. Lakini ukimpata mtu wa ruti ile aliyegonga kwa kushoto, mlete.

KONDA: Nitamtafuta. Vijiwe vyao navijua.

MAMA: Na mimi mmeniacha kwenye skrepa.

MSANII: Hapana, mama. Kazi inayofuata nitaifanya kwa sakafu tu, nimeshaona gari jingine pale gereji. Ila mduara bila ndoo hautaeleweka. Niuzie ndoo yako.

MAMA: Ndoo naifanyia kazi.

MSANII: Niikodi, basi. Mwezi mmoja.

MAMA: Mwezi mzima nibebe samaki kwa mkono? Ninunulie mpya, ya lita ishirini, yenye mfuniko na mshikio wa chuma, nikuachie hii. Na usiioshe.

MSANII: Ya lita kumi haitoshi? Hii yenyewe inaonekana ya kumi.

MAMA: Hii ni ya ishirini, imeliwa mdomo. Pima.

KONDA: Mama, muache binti, ndiyo kwanza anaanza.

MAMA: Wewe uliyenishusha Mtoni kwa Azizi Ali na samaki wangu, nyamaza. Mwanangu, pima.